Katekista Aliyekataa Kutoa Ushuhuda

Katekista wa kigango chetu hakuwa mtu wa kupendeza. Naanza na hilo kwa sababu siku hizi mtu akishazeeka na kukohoa kidogo tunaanza kumpamba. Alikuwa mbishi, alikuwa bahili wa sifa, asubuhi hasemeshwi, na aliimba kama mlango wa zizi. Jumapili alianzisha wimbo kwa sauti ya juu mno, akatuachia sisi wanakwaya tuhangaike nao huko huko juu, kisha yeye ananyamaza na kututazama kwa masikitiko, kama vile kosa ni letu.

Mimi ni fundi cherehani, nina banda langu sokoni Sumbawanga mjini. Nimeshona sare za kwaya, magauni ya komunyo ya kwanza, na vitenge vya akina mama wa jumuiya kila wanapokuwa na sikukuu, na sikukuu haziishi. Nimewapima watakatifu wengi viunoni. Najua nani anafunga Kwaresima na nani anasema amefunga. Kwa hiyo nikisema kwamba kati ya watu wote wa dini niliowajua, huyu ndiye pekee ambaye sikuwahi kumsikia akimsingizia Mungu jambo, msidhani nami nimeanza kupamba.

Kijiji chetu kiko huko juu uwandani, upepo mtupu, mahindi na ulezi mpaka macho yachoke. Padre alifika mara moja moja, barabara ikimruhusu. Siku nyingine zote kanisa lilikuwa mikononi mwa Katekista. Ndiye aliyeongoza ibada, ndiye aliyezika, ndiye aliyetufundisha sisi watoto mafundisho ya komunyo, Jumamosi baada ya kufagia.

Katika kufundisha alikuwa mkali kama askari wa mpakani. Kila jibu la katekisimu tulilikariri lilivyo, na ukikosea neno moja unarudi mwanzo.

"Mungu ni nani?"

Tunaimba jibu lote kwa pumzi moja, mabega yakipanda na kushuka.

"Vizuri. Hayo ndiyo maneno ya kitabu. Yashikeni hivyo hivyo, msiongeze, msipunguze. Ila msije mkadhani mmemkamata. Wewe, ukijua kutaja Kasesya kule mpakani, umefika Kasesya?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi. Kaa chini."

Siku moja nilimwuliza Mungu alikuwa anafanya nini kabla hajaumba dunia. Wenzangu walivuta pumzi, wakijua leo nimekwisha.

"Sijui," akasema.

"Kitabu hakisemi, Mwalimu?"

"Kitabu kimenyamaza. Na wewe nyamaza nacho kidogo."

Nilirudi nyumbani nikamsimulia mama. Mama, mikono imejaa unga, akasimama akaniangalia. "Mwalimu gani huyo? Mtu unampelekea mtoto kwenda kujua, anamrudisha na sijui?" Alitaka kunihamishia kwa shangazi mjini, ambako alisikia katekista wao anajua kila kitu, hata malaika wanavyopangwa mbinguni safu kwa safu. Tulipokosa nauli ya kwenda na kurudi kila Jumamosi, imani yangu ikabaki kijijini.

Kwenye kigango hichohicho tulikuwa na Mwenyekiti, na Mwenyekiti alikuwa anajua. Sijawahi kuona mtu anayejua kama yule. Mvua ikichelewa, anajua dhambi ni ya nani. Ikija nyingi, anajua ni sala ya nani. Mwaka mmoja mvua ya mawe ilipiga shamba la mtu ambaye hakuchangia mabati ya kanisa, mahindi yakalala chini kama yamepitiwa na trekta. Mwenyekiti akasimama kwenye jumuiya akasema Mungu hachezewi. Msimu uliofuata mvua ya mawe ile ile ikapiga shamba lake mwenyewe, tena ikaacha la jirani yake mlevi likiwa limenyooka. Mwenyekiti akasimama tena, uso umejaa unyenyekevu, akasema Mungu humjaribu mtumishi wake kama alivyomjaribu Ayubu.

Katekista alikuwa amekaa nyuma, ameinamisha kichwa tukidhani amelala. "Kumbe mawe yenyewe yanatambua watu," akasema. Hakuinua hata kichwa. Watu walicheka mpaka sala ya kufunga ikawa ngumu kuanza.

Msidhani kwamba kwa kutojua kwake alikuwa jasiri. Watu wa mikoa mingine wakisikia unatoka Sumbawanga wanasogeza kiti. Wanadhani kila mmoja wetu ni mchawi, ana radi yake ndani ya kabati. Katekista aliwadharau wanaosema radi inatumwa. Alihubiri hivyo mwaka hadi mwaka. Lakini ngurumo ya kwanza ikisikika, mkewe alitusimulia, alikuwa mtu wa kwanza kufunika kioo kwa kanga, kuvua viatu, na kukaa katikati ya nyumba mbali na ukuta, kama bibi yake alivyomfundisha. Sisi vijana wa kwaya tukamkabili.

"Mwalimu, si ulisema tusiamini mambo ya radi?"

"Ile siyo imani," akasema. "Ile ni woga. Msichanganye."

Radi ikaja kuua ng'ombe wa Mwenyekiti, wale wa kulimia, wote wawili chini ya mti mmoja. Kufikia mchana Mwenyekiti alikuwa ameshajua. Alikuwa ameshajua kwamba ni kikongwe mmoja mjane aliyeishi mwisho wa kijiji, ambaye wiki iliyopita waligombana juu ya ng'ombe hao hao kuingia kwenye maharage yake. Vijana wakaanza kukusanyika. Kwetu vijana wakikusanyika hivyo, huwa haiishi kwa maneno. Katekista akatoka na kigoda chake, akaenda akakiweka mlangoni kwa yule bibi, akakaa. Alikishika kigoda kwa mikono miwili, kama kitamkimbia. Niliona, nilikuwa kisimani, siyo mbali.

"Radi imetoka wapi, mimi sijui," akawaambia. "Na ninyi hamjui. Tofauti ni kwamba mimi nimekuja na kigoda na ninyi mmekuja na fimbo."

Wakamtukana kidogo, wakasimama kidogo, mwisho wakasema wana kazi shambani. Yeye akabaki pale mpaka jioni. Yule bibi hakumshukuru. Alimwambia amemzibia mlango, kuku wake wanashindwa kuingia.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwa ajili yake watu wa kwetu bado wanamtaja.

Nilikuwa ndiyo nimeanza kujifunza kushona. Mke wa Katekista, ambaye sote tulimwita Mama Katekista, akashikwa na kifua. Katika siku hizo hizo ugonjwa ule ule ukamwangusha mke wa jirani yao, seremala. Wote wawili wakapelekwa hospitalini mjini, wakalazwa wodi moja, vitanda vinatazamana.

Mke wa seremala alikuwa mtu anayependwa. Ndiye aliyeongoza rozari, ndiye aliyewapelekea wagonjwa uji, na hakuna aliyewahi kusikia neno baya kutoka kinywani mwake. Akina mama wa jumuiya walihamia kitandani kwake kwa zamu, novena juu ya novena. Kwa Mama Katekista walipita pia, kwa adabu, wakasali sala fupi. Yule mama alikuwa na ulimi, na kila mmoja wao alikuwa na kovu lake. Katekista mwenyewe hakuonekana akisali kabisa. Alikaa pembeni ya kitanda amevaa koti lake la mtumba, akimenya machungwa ambayo mgonjwa hawezi kula, akiyala mwenyewe.

Daktari akawaita waume wote wawili, akawaambia wajiandae.

Mke wa seremala akafariki. Mama Katekista akalala siku nzima bila kujitambua, kisha akafumbua macho akaomba uji. Alipopewa, akauliza ni nani aliyeupika bila sukari. Wauguzi wakaitana kuja kumwona. Daktari alisema hata yeye hana maelezo, akaongeza kwamba mara nyingine huwa hivyo.

Hapo Mwenyekiti akapata kazi. Muujiza umetokea katika kigango chake, katika nyumba ya mtu ambaye kazi yake ni kusema sijui! Akapanga Misa ya shukrani. Padre akaalikwa, mbuzi akatafutwa, nami nikapewa kazi yangu ya kwanza ya maana, gauni la Mama Katekista, kitenge cha bluu. Siku niliyokwenda kumpima, Mwenyekiti alikuwa sebuleni anampanga Katekista.

"Baada ya komunyo utasimama utoe ushuhuda. Usiwe mrefu. Sema ulivyomlilia Mungu na alivyokujibu."

"Sikumlilia."

"Basi sema ulimwomba."

"Nilisema neno moja tu."

"Hilo hilo. Neno gani?"

"Halikuhusu."

Mwenyekiti akatabasamu lile tabasamu lake la uvumilivu, akasema Roho atamwongoza. Alipoondoka, Mama Katekista akaniambia kwa sauti ya chini, nikiwa nimemzungushia futi kifuani, "Neno lenyewe nililisikia. Nilikuwa nimefumba macho lakini masikio yanafanya kazi. Alisema, 'Usithubutu.' Mpaka leo sijui alikuwa ananiambia mimi au anamwambia Mungu."

Jumapili ikafika. Kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Seremala alikuja pia. Alikaa karibu na mlango, shati limenyooshwa vizuri, mikono juu ya magoti. Alikuja kwa sababu asingekuja angesemwa.

Baada ya komunyo Katekista akasimama mbele. "Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina."

Kisha akatazama paa, bati kwa bati. Alitazama mpaka mtoto mmoja akaanza kulia akatolewa nje. Mwenyekiti akaanza kutikisa kichwa kumhimiza, kama anayemwita mbuzi.

"Mke wangu aliumwa, amepona," akasema Katekista. "Nimefurahi. Nimefurahi mpaka naona aibu. Mmenisimamisha hapa niseme kwa nini amepona. Sijui. Mke wa seremala aliumwa ugonjwa huo huo, akapewa dawa hizo hizo, akaombewa kuliko wangu. Na ninyi nyote mnajua alikuwa mwema kuliko wangu."

Mtu mmoja akacheka, akajizuia katikati.

"Amekufa. Sasa nikisema hapa kwamba Mungu alinisikia mimi, yule pale mlangoni arudi nyumbani akiwa amesikia nini? Asanteni."

Akakaa.

Padre alikuwa anatazama viatu vyake. Mwenyekiti alifungua mdomo aanzishe wimbo, lakini kabla hajapata sauti, Mama Katekista akasimama. Alisimama kwa nguvu kiasi kwamba mshono wangu wa begani ukaachia. Niliusikia kutoka kwenye benchi la kwaya.

"Aliyeumwa ni mimi," akasema. "Huyu alikuwa anakula machungwa. Kwa hiyo ushuhuda ni wangu. Nilikuwa nimekwenda, nikarudishwa. Aliyenirudisha namjua, na nitamshukuru mbele yenu, hata kama mume wangu anaona haya." Kisha akageukia mlangoni, sauti ikashuka. "Na wewe shemeji, kwa nini mwenzangu hakurudishwa, hilo hata mimi silijui. Namwuliza kila siku."

Akina mama wakapiga vigelegele, wengine wakalia, wengine wakafanya yote mawili. Mbuzi akaliwa. Watu wa kwetu hukasirika sana mtu anapoharibu Misa, lakini hawajawahi kukasirika mpaka wakaacha nyama. Mama Katekista alimwambia mumewe wakiwa njiani, kila mtu akisikia, "Wewe baki na sijui yako. Mimi napumua." Na kwa siku kadhaa baada ya hapo Katekista alijipikia mwenyewe, na kwa jinsi alivyokonda ilionekana hilo nalo halijui.

Mngependa niseme kwamba seremala aliguswa. Haikuwa hivyo. Kesho yake asubuhi nilikuwa kwa Katekista narudishia lile bega la gauni. Seremala akaja akasimama uani, hakukubali kuketi.

"Mwalimu, nani alikutuma umtaje mke wangu?"

"Hakuna."

"Umenifanya mfano. Watu wote waligeuka kunitazama kama vile mimi ndiye maiti. Mimi nilikuwa nimejiandaa. Ningekaa pale, nikasikiliza shukrani zenu, nikapiga makofi kama wengine, nikaenda zangu. Hilo nilikuwa naliweza. Wewe umekuja kunitetea. Nilikuomba?"

Katekista, ambaye kwa maisha yake yote alikuwa na neno la kumchoma kila mtu, aliweka kikombe chake cha chai chini. "Nisamehe," akasema. Seremala akaondoka.

Jioni ile Katekista alikwenda kwenye karakana ya seremala. Hakuitwa. Ubao mrefu ukipasuliwa unataka mtu wa kushika upande wa pili, na kazi hiyo zamani ilikuwa ya marehemu. Katekista akashika. Seremala akamwangalia, akaendelea na msumeno. Kesho yake akaenda tena, na siku zilizofuata, akitoka shambani tu yuko pale. Mimi niliyaona haya kwa sababu nilikuwa nimeagiza meza ya cherehani, na seremala, kama mafundi wote nikiwemo mimi, alikuwa ananiambia njoo kesho. Basi nilikuwa nakuja kesho, nakaa kwenye rundo la mbao nasubiri, nawatazama wanaume wawili walionuniana wakishika ubao mmoja.

Siku moja seremala akasimamisha msumeno katikati ya ubao.

"Kwa nini wako, siyo wangu?"

"Sijui," akasema Katekista.

Seremala akapuliza vumbi la mbao, akafuta uso kwa mkono. "Afadhali," akasema. "Wenzako wote wanajua. Mwenyekiti kaniambia Mungu alihitaji ua zuri kwenye bustani yake."

"Mungu gani huyo anayepungukiwa maua?"

Seremala akacheka. Alicheka akainama, akacheka mpaka akashika goti, na mahali fulani katikati kicheko kikageuka, mabega yakaanza kutikisika kwa namna nyingine, na sauti ikamtoka ambayo sikuisikia hata siku ya maziko. Katekista hakumkumbatia, hakumpa andiko, hakumwambia yatapita. Alishika upande wake wa ubao kwa mikono miwili. Mimi nikaondoka polepole, nikasema meza nitaifuata kesho.

Padre, naye, hakuwa na la kufanya ila kufanya kitu. Mwenyekiti alikuwa amekwenda parokiani kueleza kwamba imani ya waamini imeyumba. Katekista akaambiwa apumzike kidogo, na ibada ziongozwe na Mwenyekiti.

Mwenyekiti akahubiri. Alihubiri mpaka maharage yakaungua majumbani. Jumapili ya kwanza alieleza fumbo la Utatu Mtakatifu kwa mafiga matatu, likaeleweka. Jumapili ya pili alieleza kwa maji, mvuke na barafu. Ya tatu alieleza kwa familia yake mwenyewe, yeye akiwa Baba, na mkewe akainuka akatoka nje. Alieleza kwa nini watoto wachanga wanakufa. Alieleza kwa nini Mungu aliumba nyoka. Hakuacha kitu. Ulezi ulipofika kuvunwa, akina mama wale wale wa novena wakavaa vitenge vyao, kazi ya mikono yangu, wakaenda kwa Padre, wakapiga magoti na makofi kama tunavyosalimu wakubwa, na aliyewaongoza akasema, "Padre, turudishie yule asiyejua."

Akarudishwa, kwa sharti la kufuata kitabu. "Kitabu sikuwahi kukiacha," alisema. "Nilichoacha ni nyongeza." Na Jumapili ya kwanza aliporudi, alianzisha wimbo wa kuingia juu kule kule, akatuacha.

Nilipohamia mjini nilimwona mara chache. Akija sokoni hupita bandani kwangu, akosoe mishono yangu, anywe chai yangu. Siku moja nilimwuliza kile ambacho nadhani kila mtu kijijini alitaka kumwuliza. "Mwalimu, kama hujui, ukipiga magoti unafanya nini pale?"

Alikoroga chai muda mrefu. "Umewahi kupiga simu ukiwa kule bondeni, mtandao unakuja na kukatika? Unasema haloo, haloo, hujui mwenzako anasikia au husikiki. Lakini hukati. Unasema yote uliyo nayo, hadi salamu za watoto. Ukikata wewe, basi hapo una hakika hasikii."

"Na yeye huwa anajibu?"

"Mara nyingi nasikia upepo." Akanywa. "Chai yako ina maji mengi."

Mwaka jana, msimu wa baridi, alikuja tena. Nilisikia pikipiki ikisimama nje ya banda, na dereva akimwambia, "Taratibu, mzee, taratibu." Alikuwa amepungua sana. Fimbo ilimtangulia mlangoni, kisha yeye.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nishonee kanzu." Akatoa kitambaa cheupe kwenye mfuko wa plastiki, akakiweka juu ya cherehani bila kuuliza kama kuna kazi ya mtu.

"Ya ibada?"

"Ya kuzikiwa. Mke wangu kasema nijichagulie mwenyewe, kwa sababu akinichagulia yeye nitalalamika."

Nilichukua futi. Nilipompima kifua nikapata cha kijana wa sekondari. Nikampima tena, nikidhani nimekosea. Yeye alikuwa ananyoosha mikono kama mtoto anayevalishwa, anatazama nje sokoni.

"Unaogopa, Mwalimu?" Sijui kwa nini niliuliza.

"Sana," akasema, kama mtu aliyeulizwa kama atakula. "Kuna Padre kijana amekuja parokiani. Ananiambia mtu wa imani haogopi kifo. Nikamwuliza ana umri gani." Akashusha mikono. "Weka mifuko. Miwili, ya pembeni. Mirefu."

Nilicheka. "Mwalimu, na wewe unajua. Sanda haina mfuko."

"Huo msemo ni wa mafundi wavivu."

"Utabeba nini huko?"

"Nani kasema nabeba kitu? Nataka pa kuweka mikono. Hujui kule kukoje, na mimi sijui. Kama kuna baridi kuliko hii ya kwetu, je? Nikimkuta mwenyewe yupo, nitaitoa nimsalimie vizuri. Nisipomkuta mtu..." Akakunja vidole vyake, vimekauka kama vijiti. "Basi angalau mikono itakuwa na mahali."

Nikamwambia akatembee kidogo sokoni, kazi zote za watu nikaziweka pembeni. Nilishona kanzu ile kama ambavyo sijawahi kushona sare ya mtu yeyote. Mifuko nikaiwekea kitambaa maradufu, kile cha flaneli nilichokuwa nimenunulia mtoto wangu, kwa ndani, pasipoonekana.

Alirudi mchana. Nikamsaidia kuivaa juu ya nguo zake, ili nione inavyoanguka. Akapitisha mikono mifukoni, akaizamisha mpaka viwiko. Alipogusa ile flaneli akageuka akaniangalia. Nilijiandaa kukosolewa. Alisimama pale tu, mikono ndani, akisogeza vidole. Nilikuwa naona kitambaa kinacheza.

"Basi vua nikupigie pasi," nikamwambia.

"Acha. Kuna upepo leo."

"Mwalimu, hiyo ni ya kuzikiwa!"

"Najua ni ya nini. Niliagiza mimi."

Akatoka nayo hivyo hivyo, nyeupe inang'aa, katikati ya soko, watu wa nyanya na watu wa dagaa wakimpisha. Dereva wa pikipiki alikuwa kijana wa mjini, kofia nyuma mbele. Akamtazama kuanzia juu mpaka chini, akapiga mluzi.

"Mzee, umetoka chicha! Sherehe ya wapi leo?"

Katekista alikuwa anahangaika kupandisha mguu bila kutoa mikono mifukoni.

"Hawajaniambia bado," akasema. "Wewe twende."